Barua ya Pili

Juzi Kinda aliniuliza swali nikiwa nakunja nguo, na zile nguo mpaka leo ziko juu ya kiti. Alikuwa anajaza fomu ya chuo. Alishafika ukurasa wa tatu, pale penye kiboksi kinachouliza kama mwombaji ana mahitaji maalum, na chini yake kwa herufi za kuchungulia: ambatanisha uthibitisho. Akaenda mwenyewe kwenye lile faili la kijani kutafuta ripoti. Akarudi na karatasi nyingine kabisa.

"Mama, huyu anayesemwa humu ni mimi?"

Niliijua kabla hajaigeuza. Ni nakala ya barua ya pili.

Ya kwanza haimo kwenye faili, na afadhali. Ile nilimwandikia mwalimu mkuu wa shule yake, tena kimama. Kinda alikuwa na miaka tisa, wenzake wameshaanza kusoma hadithi ndefu, yeye bado anapigana na silabi. Nikaeleza kwamba ni mtoto msikivu, ana nidhamu, hadithi akisimuliwa mara moja haimtoki, hesabu za kichwa anawapita kaka zake, ila kusoma "kunampa shida kidogo". Hilo "kidogo" niliweka kwa adabu tu. Majibu yalikuja baada ya wiki tano, sentensi moja: mtoto anaendelea vizuri, mzazi aendelee kumsaidia nyumbani. Nilipomfuata mwalimu wa darasa, akaniambia kwa upole kabisa, "Mzazi, huyu ni uvivu tu. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, sasa kinamshindaje?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na siri. Nyumbani nilikuwa namsaidia kweli, tena kupita kiasi. Kila jioni nilimsomea ukurasa wa kesho yake mara nne, mara tano, mpaka anaushika kwa ghibu. Asubuhi anasimama mbele ya darasa na kuumimina wote, kidole kikitembea chini ya maneno kama cha msomaji. Nililigundua tatizo lenyewe siku alipokuwa akinisomea mimi: mdomo ulishafika kisimani, kidole bado kiko kwa mbuzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto hasomi, na kwamba aliyemfichia ni mimi.

Aliyenifungua macho kuhusu barua ni mama mmoja aliyeshapita njia hiyo na binti yake. Aliisoma nakala yangu, akanirudishia. "Dada, hapa umemsifia mtoto. Hawa wanaosoma hizi barua wanatafuta shida. Rudi ukamseme." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Andika tarehe, alisema, andika somo, alichotakiwa kufanya na kilichotokea. Usiombe "msaada", maana msaada hata kupigwa begani ni msaada. Omba tathmini, kwa jina lake. Na usitoke pale ofisini bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Basi usiku mmoja nikakaa mezani kumsema mwanangu.

Sikuanza mara moja. Nilianza kwa kusoma, kama kawaida yangu nikitaka kukwepa kazi. Ndiyo siku niliyokutana na Percy. Percy alikuwa mvulana wa Kiingereza wa miaka 14, ambaye daktari mmoja, Pringle Morgan, aliandika habari zake kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1896. Macho yake mazima. Tarakimu anazisoma mbio, hata 785,852,017 haikumbabaisha. Lakini maneno hayamwingii, na jina lake mwenyewe aliliandika Precy, wala hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu ndiye angekuwa kijana mwerevu kuliko wote pale shuleni. Niliusoma mstari huo mara mbili tatu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mimi bado naambiwa uvivu.

Hasira ikanipa kalamu. Nikaandika.

Tarehe fulani, aliitwa kusoma ubaoni, akaomba kwenda msalani na hakurudi mpaka kengele. Tarehe fulani, aliandika "dada" panapotakiwa "baba", mara sita kwenye ukurasa mmoja. Anashindwa kutofautisha b na d. Anashindwa kunakili sentensi moja kabla ubao haujafutwa. Anashindwa kulitambua neno ambalo amelisoma mstari wa juu yake. Anashindwa kufuata maelekezo ya maandishi, hata ya mstari mmoja. Nilikuwa nimeshikwa na kasi ya ajabu, kama mtu anayetapika. Kila nilipoandika "anashindwa" lilikuwa linakuja jingine nyuma yake, tena kwa ushahidi, tena kwa tarehe. Na lililonitisha ni kwamba barua ilikuwa inazidi kuwa nzuri. Mara ya kwanza nilikuwa nimebembeleza. Safari hii hakuna mwalimu mkuu ambaye angeisoma akasema mtoto anaendelea vizuri.

Nilihisi mtu mlangoni. Kinda, na shuka lake begani, macho nusu. Alikuwa ameamka kunywa maji. Akaja akaniegemea kama anavyoegemea, uzito wote, kidevu juu ya bega langu, pumzi ya usingizi shingoni.

Sikuifunika ile karatasi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuifunika. Nadhani mkono ulijua kwamba hakuna haja.

"Unamwandikia nani?"

"Mwalimu mkuu."

"Unamwambia nini?"

"Habari zako."

"Nzuri?"

Kabla sijapata jibu, kidole chake kikatua kwenye karatasi. Kilitua katikati ya ukurasa, juu kabisa ya neno lile. Alipenda kunifurahisha kwa kujaribu kusoma maandishi yangu, kwa kuwa ni yangu. Akaanza. "A." Kidole kikasogea. "A-na." Nikasikia anavyovuta hewa. Kucha ya kile kidole ilikuwa na wino wa buluu. Ikagonga karatasi mara mbili pale kwenye "sh", ikarudi nyuma, ikaja tena, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia. "Ana... ana..." Kisha akaruka, akacheka, akaninong'oneza sikioni kwa furaha ya mtu aliyefumbua kitendawili:

"Anacheza!"

"Eeh," nikamwambia. "Anacheza."

"Yote hii ni anacheza?" Maana alikuwa ameliona neno hilohilo juu na chini, ukurasa mzima.

"Yote."

Akaridhika, akarudi kulala. Na mimi, mama ambaye kwa miaka miwili dua yangu ilikuwa moja tu, nilikaa pale mezani nikimshukuru Mungu kwamba mwanangu hajui kusoma.

Nikamalizia barua. Nilijitia usomi mwishoni, nikataja Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, nikataja Azimio la Salamanca la 1994, ambapo serikali 92 zilikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali tofauti zao. Nikaandika kana kwamba mwalimu mkuu alikuwepo Salamanca na amesahau tu. Kesho yake karani akagonga muhuri bila kuniangalia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, au niseme nayakumbuka haraka. Kwanza tukatumwa kupima macho, kisha masikio, ili wasije wakatafuta kichwani kitu kilichoko kwenye miwani. Vyote vizima. Kisha mwanasaikolojia, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Nilidhani atampa kitabu. Kumbe alianza na sauti tupu. "Sema kalamu." Kinda akasema kalamu. "Sasa sema tena, lakini uiondoe ile ka." Kinda akafikiri kwa bidii, uso umekunjamana, kisha akajibu: "Penseli." Mimi nilitaka kucheka. Yule mama hakucheka, aliandika. Baadaye akanieleza kwamba watu wengi hudhani watoto hawa wanaona herufi kinyumenyume, kumbe shida ya wengi wao iko kwenye kuvunja neno katika vipande vya sauti, na asiyeweza kulivunja neno kwa sikio atalisukaje kwa herufi? Akaongeza kwamba kwenye lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, mtoto wa namna hii anaweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa, ila atakwenda polepole mno, na walimu wataita huo polepole uvivu.

Kisha akageukia wazazi. "Hili mara nyingi hutembea kwenye familia. Yupo mwingine aliyepata shida ya kusoma?"

Mimi nikasema kwetu sijui. Baba Kinda akatazama dari. Wanaomjua wanajua hana neno na karatasi, ila karatasi zote hunipa mimi. Nisomee hii, miwani sijui nimeweka wapi. Nimeolewa naye miaka mingi na miwani yenyewe nimeiona mara chache.

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Nami nikanyamaza. Ripoti ikaandikwa hivyo: historia ya familia, hakuna.

Tulipofika nyumbani akasema kitu kimoja tu: "Mtoto wangu si mlemavu." Sikubishana. Fomu ya shule ilikuwa na sehemu moja tu ya kujaza, na juu yake imeandikwa "aina ya ulemavu". Nikaandika disleksia, ndilo jina la shida hii ya kusoma, kwa herufi kubwa, kisha nikaenda kuoga, nikakaa bafuni kuliko ilivyohitajika.

Alichopata ndicho hiki: robo ya muda zaidi kwenye mitihani, mtu wa kumsomea maswali, vipindi vitatu kwa wiki na mwalimu wa elimu maalum, na lile lililonifurahisha kuliko yote, asisimamishwe tena kusoma kwa sauti mbele ya wenzake asipotaka. Mwaka mwalimu akiwa na moyo, mpango ule ulifanya kazi. Mwalimu akibadilika, nabeba faili la kijani, tunaanza upya. Kuna mwaka mzima ulipita kabla ya mtu kugundua kwamba mpango umefungiwa kwenye droo.

Lakini swali la juzi lilikuwa lingine. Kinda alikuwa amesimama palepale, akisoma. Sasa anasoma. Polepole, midomo ikicheza, lakini anasoma, na safari hii hakurukia. Nilimwona akipita mstari kwa mstari, anashindwa, anashindwa, anashindwa, nami nikiwa nimeshika shati lenye mkono mmoja umekunjwa. Nilitaka kumweleza kuhusu ile barua ya kwanza, kwamba ilikuwepo, kwamba ilikuwa na sifa zake zote. Lakini nitaitoa wapi? Ile sikuiwekea nakala.

Alipomaliza akanyamaza kidogo.

"Mstari wa saba umeandika 'anashidwa'," akasema. "Umeruka n."

Nikaangalia. Kweli nimeruka. Ina muhuri na kila kitu.

Akarudisha barua kwenye faili, akatoa ripoti. Akaifungua. "Hapa wameandika historia ya familia hakuna." Akanitazama. Sikuwa na la kusema, nikakunja mkono wa pili wa shati. Kuhusu kiboksi aliniuliza aweke tiki au asiweke, nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Najua alipewa nini kwa sababu ya karatasi ile. Najua pia kuna mahali ataitoa karatasi ile na hakuna atakayemwona tena yeye, wataiona karatasi.

Sebuleni Baba Kinda akaita. "Mama Kinda! Hebu njoo unisomee huu ujumbe, miwani sijui nimeweka wapi."

Nikaanza kuinuka. Kinda akanishika bega, akaiacha fomu kitandani, kiboksi kitupu, akaenda yeye. Nikamsikia anaanza, neno moja moja, anakwama, anarudi nyuma, anaingia tena. Baba yake hakumharakisha.