Tyubu Isiyoisha

Juzi, nilipokuwa nikimsaidia binti yangu kupanga tranka lake la bweni, niliikuta tyubu ya dawa ya ngozi aliyoandikiwa mwezi wa kwanza ikiwa bado imejaa, imeminywa kidogo tu karibu na mdomo. Nilipomwuliza, alinijibu bila kuinua macho: “Napaka kidogo kidogo, mama, isije ikanichubua.” Niliketi kitandani, kwa sababu maneno yale niliyajua vizuri. Yalikuwa yangu.

Wakati ule alikuwa na miaka mitano, nasi tulikuwa bado tunaishi kwenye ile nyumba ya Pasua. Pumu ya ngozi ilimkamata kwenye mikunjo ya viwiko, vifundo vya mikono na nyuma ya magoti, na kila baridi ya Juni na Julai ilipoingia Moshi, ngozi yake ilikauka ikawa ya kijivu yenye vipele vidogo vidogo, na mahali pengine ngumu kama gome. Nilikuwa nimesoma kwamba ningeona wekundu. Kwenye ngozi ya mwanangu sikuuona hata siku moja. Alilala na soksi mikononi ili asijichune, na bado asubuhi nilizikuta zina damu. Bibi yake alisema ni damu chafu, akamwogesha maji ya mwarobaini yaliyomfanya apige kelele hadi majirani wakatoka nje. Mimi nilimnyima mayai na samaki kwa miezi bila kushauriwa na yeyote. Na mwalimu mmoja wa chekechea alimketisha peke yake, kana kwamba ugonjwa huu huambukizwa. Hauambukizwi.

Hata hivyo, ugonjwa wenyewe sikuuogopa kama nilivyoiogopa dawa. Jirani yetu wa ng’ambo ya barabara alikuwa amejipaka mkorogo wenye klobetasoli, dawa kali ya ngozi ya jamii ya steroidi, usoni kwa miaka kadhaa ili awe mweupe, na watu tulimsifu kweli, mpaka ngozi yake ilipokuwa nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa na jua likawa adui yake. Mwanangu alipoandikiwa betamethasoni, ambayo ni ya ukoo huohuo ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ile, nilimwona jirani yule kila nilipofungua kifuniko. Kisha sehemu zilizoanza kupona zikabaki na mabaka meupe, nami nikahitimisha kwamba dawa inamchoma. Kuanzia hapo nilichukua punje moja, nikaikoroga ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando, na mchanganyiko huo ndio nilioupaka, nikijiona mama mwenye busara kuliko madaktari.

Siku tuliyorudi kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC ilikuwa mwezi wa saba, na dirisha la chumba kile lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Alimpokea mwanangu shikamoo yake, akamfunua mikono ya sweta taratibu, akatazama, kisha akaniuliza kama nampaka dawa. “Kila siku, sista,” nilijibu, na kwa namna fulani haukuwa uongo. Akaomba kuiona. Aliiweka tyubu kiganjani, akaipimapima kama mtu anayepima vitunguu sokoni, akasoma tarehe niliyopewa, mwezi wa nne, akatabasamu.

“Basi hii ni ile chupa ya mafuta ya mjane wa Sarepta,” akasema. “Haiishi.”

Hakunigombeza, na nadhani ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Aliifungua, akaminya mstari mmoja juu ya kidole chake cha shahada, kuanzia kwenye kiungo cha mwisho hadi ncha. “Hii ni nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vyako na siyo vya mtoto. Tyubu ina gramu 15, yaani mistari 30. Kwa mikono na magoti haya, mistari mitatu kwa siku, ilipaswa kwisha kwa siku ngapi?” Nilijua hesabu ile, lakini mwanangu ndiye aliyeanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, mpaka alipochanganyikiwa na kutunyoshea mikono yake yote miwili. “Kumi,” muuguzi akasema. Akaniambia pia kwamba mabaka yale yaliachwa na ugonjwa wenyewe na rangi ingerudi taratibu, na kwamba kinachopaswa kupakwa bila ubahili ni mafuta ya mgando, mwili mzima, mara tu mtoto anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ndani ya wiki tatu soksi zilirudi miguuni. Rangi ilichukua miezi. Sijui, hata hivyo, ni kiasi gani cha nafuu ile kilitokana na mistari ya sista na kiasi gani na umri, maana watoto wengi hupata ahueni wanapokua, na huyu wangu bado hujikuna nyuma ya magoti kila mitihani inapokaribia.

Juzi hiyo, pale kitandani, nilimminyia mstari kidoleni, naye akashangaa wingi wake. Kuhusu kile kikopo nilichokuwa nikikorogea, sijamwambia, na sikumbuki niliwahi kusema mbele yake kwamba dawa ile huchubua. Lakini angelipata wapi neno hilo?