Nachimba nguo, sichimbi mali za Mjerumani

Saa 11 na nusu alfajiri nipo kituoni Mbezi, insha 43 za wanafunzi begani. Konda ananiahidi kwamba Kimara watashuka wengi nikae. Kimara hakushuka mtu. Kijana niliyebanana naye kauliza nafanya kazi gani, nikamwambia mwanaakiolojia. "Aaa, nyie wa dinosaria wa Tendaguru!" Hapana kaka, wale wana watu wao. Mimi nashughulika na biashara ya baharini ya zamani, na zaidi nguo. Akanitazama mkoba, sijui alitegemea kuona kanga.

Saa 2 mpaka saa 4 kipindi: pepo za kaskazi na kusi, Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331, wawili wa nyuma wamelala. Chai na andazi.

Saa 4 na nusu naingia maabara, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tatizo la kusoma nguo za kale za pwani yetu ni kwamba nguo hazipo. Joto, unyevu, chumvi na mchwa vimemaliza kila kitu. Vipande vya nguo za Gujarati, India, vilivyosalia viko Misri, kule Fustat, kwa sababu ya ukame. Za kwetu zimeoza. Kilichobaki ni vigae. Mtu alichukua kipande cha chungu kilichovunjika, akakisugua kikawa duara, akakitoboa katikati, akapenyeza kijiti, akasokotea uzi wa pamba. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alivikuta vingi. Mimi navipima: uzito, upana, tundu. Kizito hutoa uzi mnene, chepesi hutoa uzi mwembamba. Cha leo cha tisa kimetobolewa pembeni kabisa, hakiwezi kuzunguka bila kuyumba. Nimekishika muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Nadhani alikuwa mtoto anajifunza, ila hilo huwezi kuliandika kwenye ripoti.

Watu hudhani pwani tulikuwa tunangoja tu jahazi lilete vitambaa. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walikuwa wakifuma nguo zao nyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na rangi, walinunua nguo za buluu za Cambay, bandari ya Gujarati, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao. Hebu fikiria subira hiyo.

Saa 6 na nusu nimefunga mkoba niwahi mjini, kuna ofisi inatakiwa kugonga muhuri kibali changu cha uchimbaji. Ni mara ya nne naenda. Mlangoni nakutana na mzee wa kanzu na kijana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wewe ndiye daktari wa mambo ya kale? Tuongee kikubwa."

Nikajua. Kila mwezi anakuja mmoja. Kijana akatoa simu, picha ya jiwe lenye mikwaruzo kama msalaba, shambani kwao. Mzee akataka niende na "ile mashine". Mjerumani alipokimbia vita aliacha masanduku, babu yake alibeba moja. Nitapewa asilimia kumi. Nikamweleza kwamba jiwe limekwaruzwa na jembe. Akapandisha mpaka kumi na tano.

Nikamwambia hatuna mashine, tuna mwiko, brashi na kamba. Akacheka, akamgeukia kijana: "Unaona? Wasomi wanaficha." Saa 7 na robo. Saa 7 na nusu. Nikajaribu kumwambia kwamba hata dhahabu ya Kilwa ilitoka bara la Sofala na ilikuwa inapita tu, kilichokuwa kikilipia ni nguo na shanga. Hapo ndipo nilipoharibu, alisikia neno dhahabu peke yake.

Mwishowe akaingiza mkono mfukoni akatoa ushahidi, sarafu iliyofungwa kwenye tambara. Heller moja ya 1910, hela ndogo ya Mjerumani, ya shaba. Zilihitajika mia kufanya rupia moja. Nilimrudishia.

Tambara sikurudisha. Lilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, limekaa, anasema, kwenye sanduku la mama yake tangu yeye hajazaliwa. Nikalitia chini ya lenzi. Uzi umelingana mwanzo mwisho, wa kiwandani. Huenda ni merikani, jamii ya kile kitambaa kilicholetwa Unguja na meli za Salem, Marekani, karne ya 19, jina likabaki hata kilipotoka kwingine. Pembe zimelegea, zimeliwa na wadudu. Katikati, pale sarafu ilipolala, pana duara la kijani, na ndani ya duara hilo uzi ni mzima kabisa. Kutu ya shaba huua vijidudu vinavyoozesha pamba. Ardhini ndivyo tunavyoombea, uzi uwe umegusa shaba. Miaka kumi na mbili nawafundisha watu jambo hilo kwa kuchora ubaoni.

Nikaomba nilipige picha, nilipime, nibaki nalo wiki moja. Mzee akalivuta mkononi mwangu. "Binti, nimekuletea hela unaniuliza tambara?"

Wakaondoka. Mjini nilifika saa 9 na dakika kumi. Mlinzi, mtu mwema tu, akaniambia wahusika wameshatoka, njoo kesho.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Foleni, mvua kidogo, ugali wa jana niliopasha, insha ya kwanza inasema Vasco da Gama ndiye alianzisha biashara ya Bahari ya Hindi. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Kama saa 3 usiku simu ikaita. Mzee.

"Binti, nimewaza. Lile tambara lina thamani gani?"

Nikaketi vizuri. Nikamwambia alifunge kwenye karatasi safi, asilianike juani, na tafadhali sana asilifue.

Kimya. Nikasikia anamwita mtu, mlango, sauti ya mwanamke kwa mbali.

"Ameshaliloweka," akasema. "Lilikuwa na uchafu wa kijani."