Nukta ya kijani

Jana mtaro uliokuwa umeziba ulizibuliwa karibu na dirisha langu. Harufu ya mayai viza ikaingia ndani, wote wakaziba pua. Mimi nilivuta pumzi. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na kwenye tope la chini ya bahari harufu hiyo hutoka kwa vijidudu vinavyopumua salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo majini, baada ya oksijeni kwisha.

Ilijaa maabarani siku ile tulipofungua bomba la kwanza la tope la bahari. Tope lilikuwa limetolewa makumi ya mita chini ya sakafu ya bahari, jeusi, limepasukapasuka kwa gesi ya methani iliyotanuka mgandamizo ulipopungua. Tulikwangua sehemu ya nje iliyoguswa na maji ya kuchimbia, tukachukua ya katikati, tukaitia rangi inayong'aa inaposhika DNA. Hayo yalichukua karibu siku nzima.

Kisha taa zikazimwa, nikainamia hadubini. Kwanza niliona vumbi la madini, linang'aa kwa umanjano hafifu. Nikasogeza lenzi kidogo. Pembeni mwa chembe moja ya udongo palikuwa na nukta ya kijani kibichi, ya mviringo, ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Nikaondoa jicho, nikarudisha. Bado ipo. Ilikuwa imetulia tu, na mimi moyo unanienda mbio.

"Mwalimu, hii iko hai?"

Akaja, akatazama muda mrefu. "Ni seli, hilo nina hakika," akasema. "Kama iko hai, rangi hii haiwezi kukuambia."

Akanieleza kwamba chakula huko chini ni haba mno, hata seli moja inaweza kukaa mamia ya miaka, pengine maelfu, kabla ya kujigawa. Nikairudia hadubini. Huenda nukta ile ilipojigawa mara ya mwisho, hapakuwa na mtu popote aliyejua kuandika.

Mwaka 2020 mwanasayansi wa Japani Yuki Morono na wenzake walitangaza matokeo ya udongo uliochimbwa na meli ya utafiti ya JOIDES Resolution mwaka 2010, katikati ya Pasifiki ya Kusini. Ule una oksijeni, tofauti na tope letu, na wa chini kabisa una umri wa miaka milioni 101.5. Walivipa vijidudu vyake chakula chenye kaboni na naitrojeni. Vingi vikala, vikazaana.

Nilisoma habari ile nikasimama, nikaketi, nikaisoma tena. Lakini swali langu halikuisha. Kula baada ya kupewa ni jambo moja. Mimi nataka kujua vilikuwa vikifanya nini kabla ya hapo. Mwalimu anadhani vilitumia nguvu kidogo vilizopata kujikarabati, basi, bila kukua. Kama hilo peke yake linatosha kuitwa kuishi, naelekea kusema ndiyo, ila siwezi kuliapia.