Balozi yupi? Siku moja kwenye dawati la itifaki

Saa 11:30 alfajiri niko kituoni Mbagala, nagombania daladala ya Posta. Mimi ni karani wa itifaki kwenye ubalozi mmoja hapa Dar. Majirani wanadhani nakula meza moja na wakubwa, kumbe kazi yangu ni majina na viti.

Saa 2:00 asubuhi. Leo tuna chakula cha mchana, wageni 14, na kadi za mezani zimeletwa na mchapaji. Nazikagua moja moja. Ya tano inanikata maini: mgeni wetu kutoka ubalozi wa Rwanda kaandikwa "Ambassador".

Kwa Kiswahili tungelala usingizi, maana wote ni Balozi, basi. Kiingereza ndicho kichokozi. Nchi za Jumuiya ya Madola zikipelekeana mabalozi, huwaita "High Commissioner". Kwingine kote ni "Ambassador". Hadhi ileile. Kwa hiyo hapa Dar wa Kenya na wa Uganda ni High Commissioner, wa Burundi ni Ambassador. Rwanda nayo ilikuwa upande wa Burundi mpaka ilipoingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Mchapaji hana kosa. Orodha niliinakili mwenyewe kutoka faili la kale.

Saa 4:00, viti. Ukubwa wa nchi hausaidii kitu. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaangalia nani alianza kazi rasmi mapema, na kwa kawaida hiyo ni siku aliyokabidhi hati za utambulisho kwa Rais. Wa kisiwa kidogo anaweza kumtangulia wa taifa lenye manowari za nyuklia. Na taifa hilo likiwakilishwa na kaimu balozi tu, anakaa chini ya mabalozi wote. Hapo ndipo simu za malalamiko huanza.

Saa 7:00 wanakula. Kuna mstaafu mmoja, aliacha kazi zamani, lakini kwetu ubalozi hauvuliwi kama koti. Mhudumu kamwita "mzee", akaendelea kutafuna. Kaitwa "Mheshimiwa Balozi", akageuka.

Saa 1:00 usiku nafika nyumbani. Mama yuko barazani.

"Balozi kakuulizia mara mbili."

Nikachomoa simu haraka. "Kasemaje? Kadi tena?"

"Kadi gani? Balozi wetu wa nyumba kumi. Anasema hujatoa hela ya mlinzi."