Chini ya Mivinje ya Haller Park

Jumamosi jioni

Leo sikwenda Haller Park, Bamburi, Mombasa, kutazama twiga. Nilikwenda kutazama udongo. Pale palikuwa timbo la kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, na maji ya chumvi karibu tu chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu, mvinje na mnazi zikiwemo. Mvinje hupata naitrojeni ya hewani kupitia bakteria walio mizizini, lakini majani yake magumu yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo wayale. Nimeinama nikafukua kwa kidole: juu majani ya mvinje ya kahawia, membamba kama sindano, katikati vidonge vya kinyesi cha jongoo, chini mboji nyeusi yenye harufu ya mvua.

Nyumbani kwangu mwamba ni uleule, ila kila asubuhi majani hufagiwa yakachomwa. Roho imeniuma. Mlimau una majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani: chokaa ya mwamba imeyafunga madini ya chuma, mizizi haiyapati hata yakiwepo. Mbolea ya yurea haitibu hilo, na majivu yanazidisha, maana nayo yana chokaa.

Kwa mche mpya, shimo liwe sentimita 60 kwa upana na kwa kina, lichimbwe kwa mtaimbo. Mimina ndoo ya maji. Yakilala humo hadi kesho yake, endelea kuvunja mwamba, la sivyo mizizi itaoza. Shimo hilo humeza madebe kama 10: mawili ya udongo mwekundu kwa moja la samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi 3 au zaidi. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Juu yake matandazo, sentimita 8 hadi 10, yakae kiganja kizima mbali na shina. Yakiligusa, gome huoza na mchwa hupata maficho. Majani ya mwembe yanataka uangalifu: yakitandazwa mazima hushikana kama vigae, mvua ikateleza juu na udongo ukabaki mkavu. Yakatwekatwe kwa panga, yachanganywe na majani laini ya mti wa glirisidia, yaloweshwe.

Jongoo hakuna haja ya kuwabeba. Penye kivuli, unyevu na majani yanayooza, masika watajitokeza wenyewe.