Roboti Asiyejua Kiamu

Mchezo wa kwanza walioniletea wanafunzi wa kikundi chetu cha maigizo ulikuwa na roboti mbaya: anaingia Lamu, anatawala watu, mwisho anazimwa. Niliusoma nikipiga miayo. Nikawauliza, nani hapa amewahi kuonewa na roboti? Kimya. Nani amewahi kupandishwa hasira na sauti ya simu inayosema "bonyeza moja"? Mikono yote juu.

Wakauandika upya. Sasa kuna bibi wa mtaa wa Langoni ambaye wajukuu wake wako Nairobi, wamemletea roboti wa kumtumikia. Roboti huyu ana adabu ya kukera. Kila bibi akipita husikia, "Shikamoo, mteja wetu mpendwa." Bibi ameketi dakani, anaita, "Ndoo!" Roboti anakwenda, anarudi na ndoo. Bibi anapandisha sauti: "Ndoo, we!" Inaletwa ya pili, kubwa zaidi. Sisi Waamu, watu wa Lamu, kwa lahaja yetu ya Kiamu "njoo" ni "ndoo" na "njaa" ni "ndaa". Nyumbani watoto huongea hivyo, darasani wanakutana na kalamu nyekundu, ambayo ndiyo ninayolipwa kuishika.

Kwenye ndoo ya nne bibi anamuuliza alisomea wapi. Roboti anainama: "Samahani. Nimefundishwa Kiunguja."

Mstari huo si wangu. Ni wa mwanafunzi aliyekuwa macho siku tuliyosoma habari za mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wazee waliucheka kuliko vijana. Mshairi Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa Kiamu hiki hiki mwaka 1858, lakini programu za kuongea kama ya roboti huyu hujifunza kwa maandishi, na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti ni sanifu. Roboti atamsikia wapi bibi wa Langoni?

Tulicheza uani mwa Ngome ya Lamu. Roboti alikuwa msichana wa kidato cha tatu ndani ya boksi la feni lililofunikwa foili, jasho likimtiririka. Katikati ya onyesho punda mmoja huko nje akalia, na punda wa Lamu akianza hana haraka ya kumaliza. Bibi alikwama, maneno yakampotea. Boksi likageuka polepole kuelekea mlangoni, na kwa sauti ile ile bapa likasema: "Ujumbe wako umepokelewa. Tafadhali subiri."

Halikuwamo kwenye karatasi. Watu walipiga makofi mpaka yule punda akanyamaza.

Sasa tuna ubishi. Kwenye mashindano majaji huenda wakatoka bara, na wengine wataona ndoo tu, wasione kinachochekesha. Mwalimu mwenzangu anataka msimulizi aeleze mapema. Mimi sitaki, maana mzaha ukishaelezwa hauchekeshi tena. Waigizaji wamesikiliza pande zote mbili kwa heshima, kisha wakaenda zao kuazima ndoo zaidi.