Nusu ya thumuni iliyonipa jina la babu yetu

Mzee aliyefungua shamba letu la Kisauni, sisi vitukuu tulimjua kwa jina la Mshihiri tu. Waliotoka Hadhramaut, huko Yemen, wakahamia Mombasa waliitwa hivyo wote, kwa hiyo jina hilo halikunifikisha popote. Babake ni nani? Alioa kwa nani? Wazee waliojua walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Nikaamua kumtafuta kupitia ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi, ikamtaka kila mwenye shamba au kiwanja katika mwambao wa maili kumi alete dai lake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wengi walipokonywa mashamba kwa njia hiyo, na uchungu wake tungali nao. Lakini waliodai walikuja na hati zao kongwe na mashahidi wao, na majina yakaandikwa.

Ukiingia kwenye madaftari hayo, usitafute jina kwa tahajia moja. Karani aliandika alivyosikia: Salim, Salem na Selim anaweza kuwa mtu mmoja, na "bin" mara ipo, mara haipo. Mimi niliacha kumtafuta mzee mwenyewe, nikawatafuta majirani zake. Hati za zamani hazikutaja namba ya ploti. Zilitaja mipaka: kibla, yaani kaskazini kwetu, shamba la fulani; suheli, yaani kusini, mnazi wa fulani; matlai, yaani mashariki, njia ya kwenda pwani. Jirani mmoja wa upande wa kibla ukoo wake tunaujua hadi leo. Nilipopata dai la ukoo huo, mpaka wake wa suheli ulikuwa shamba la Mshihiri mmoja, na safari hii jina la babake limeandikwa.

Hati iliyoambatishwa ilikuwa kwa Kiarabu, mwaka 1318 wa Hijria, yaani 1900 kuingia 1901. Nilimpelekea nakala mwalimu wangu wa madrasa. Akaisoma polepole, kidole juu ya mstari, kisha akasimama penye mauzo ya baadaye yaliyoandikwa pambizoni: mwanamke anauza "nusu ya thumuni" ya shamba la Mshihiri huyo.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa pana mke mwenza."

Hesabu ya mirathi ndiyo iliyomwambia. Mume akifa na kuacha watoto, wajane wake hupata thumuni, yaani 1/8, hata wakiwa wanne. Wakiwa wawili, kila mmoja ana 1/16. Nyumbani tulikuwa tukihadithiwa bibi mmoja tu.

Sikutosheka na hilo peke yake, maana mjane mmoja naye anaweza kuuza nusu ya fungu lake akabakisha nusu. Ilibidi niombe kuona kumbukumbu za mirathi za mahakama ya kadhi. Hapo nilisubiri sana, na faili lilipopatikana karatasi zake zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Orodha ya warithi ilikuwa salama: wajane wawili, watoto wa kiume na wa kike, na mbele ya jina la marehemu, baba, babu na kabila lake la Hadhramaut. Majina ya watoto wa mjane wa kwanza yalikuwa ya kwetu, moja moja, akiwemo babu mzaa baba.

Kwangu mimi orodha ya warithi ina nguvu kuliko hati yoyote ya shamba. Hati inataja mwenye mali. Kadhi huwataja hata mabinti, ambao shajara nyingi za ukoo, yaani michoro ya nasaba, zimewaruka.

Watoto wa mjane wa pili walihamia Likoni. Shangazi yangu amewapata wajukuu zao kupitia harusi, na wao wana karatasi ambazo sisi hatukuwahi kuziona. Tumekubaliana kuzipiga picha zote kabla ya Ramadhani, kisha tuandike shajara moja ya nyumba zote mbili, mabinti wakiwemo.